Mke wangu anakunywa dawa za uzazi, kumbe mimi ndo nilifungwa

Shikamoo Shangazi. Naomba jina langu usilitoe, mkoa taja tu haina shida, mimi niko Kigoma upande wa Kasulu, nina miaka 44, nafanya biashara ya mawese, nakusanya vijijini napeleka Kahama na Shinyanga. Hii meseji nimeiandika nikaifuta kama mara nne hivi, leo nimeamua niitume tu liwalo na liwe.

Na mke wangu wa kwanza tulizaa watoto wanne. Wa kwanza alizaliwa kawaida, hawa watatu wote kwa kisu, na huyu wa mwisho mwaka 2014 damu ilitoka nyingi mpaka akaongezewa, daktari akaniita pembeni akaniambia huyu mama akibeba tena mimba nyingine mimi siwaahidi kitu. Vidonge vilikuwa vinampandisha presha, sindano ilimfanya atoke damu mwezi mzima, na kipindi hicho walikuwa wanapita wahudumu wa uzazi wa mpango wanasema hata mwanaume anaweza kufunga, unafanyiwa muda mfupi unarudi nyumbani kwa miguu yako. Nikaenda. Hakuna aliyejua zaidi yangu na yeye, maana huku kwetu ukisema umefungwa watu wanaelewa umehasiwa.

2020 mke wangu akafariki kwa ile ile presha. Nikakaa na watoto, 2022 nikaoa tena. Huyu ana miaka 30 sa hivi, alikuwa hajawahi kuzaa. Wakati namchumbia sikusema kitu. Nilijiambia nitamwambia tukishazoeana, tukazoeana, nikaona nikisema sasa ataona nilimuoa kwa uongo, basi kila mwezi unavyopita ndo mdomo unazidi kuwa mzito.

Sasa Shangazi panaponimaliza ni hapa. Kwa vile mimi nina watoto wanne hakuna mtu anayeniuliza chochote, wote wanamuangalia yeye. Mama yangu anamuuliza mbele ya wageni, wifi zake wanamsema. Alienda Kigoma mjini akafanya kile kipimo cha mirija cha kuingiziwa dawa kule chini halafu wanapiga picha, alirudi na basi amejikunja kwenye siti, usiku akalala amejifunga khanga tumboni kwa nguvu, majibu yakasema mirija yake iko wazi kabisa. Mganga naye kamwambia ana jini mahaba. Sa hivi kuna dawa ya mizizi anaiweka kwenye chupa ya soda uvunguni mwa kitanda, kila asubuhi kabla hajapiga mswaki anakunywa kifuniko kimoja, anakunja uso, anameza, afu ananiangalia anatabasamu kidogo kama mtu anayeomba msamaha. Mimi nageukia ukutani.

Maswali yangu ni matatu. La kwanza, kuna dawa ya kufungua? Kuna jamaa Kahama anauza unga anasema unazibua mirija ya wanaume. La pili, nimesikia kuna oparesheni ya kuunganisha upya kwa hadubini, ni kweli au ni stori za mtandaoni, na inawezekana baada ya miaka 11, na je nguvu za kiume hazitaondoka? La tatu, nimepanga nimuage naenda Dar kufuata mzigo wiki mbili, nifanyiwe kimyakimya, nirudi, mimba iingie yenyewe na yeye asijue lolote. Naona hivyo ndo kila mtu atabaki na amani. Wewe unaonaje?

JIBU

Marahaba baba. Nimeisoma jana usiku, asubuhi nikairudia, na kabla sijagusa hayo maswali nataka nikwambie kitu ambacho naona hakuna mtu amewahi kukuambia: ile 2014 ulifanya jambo kubwa. Mwenzio alikuwa ameshakatwa mara tatu, ukasema safari hii nikatwe mimi. Mimi nimekuwa nesi wa chumba cha upasuaji miaka mingi kabla sijastaafu, nimewaona akina mama wanarudi mezani mara ya nne, mara ya tano, kovu juu ya kovu, na mume yuko nje kwenye benchi anaongea na simu. Kwa hiyo ile siku usiifiche kama mtu aliyeiba. Na nitakuomba baadaye, utakapofungua mdomo, uanzie hapo hapo.

Ila mwanangu, uliyemkinga yule wa kwanza, huyu wa pili umemuacha peke yake. Kile kipimo alichofanyiwa Kigoma mjini mimi nakijua, nimesimama pembeni ya wanawake wengi wanaofanyiwa, kuna wanaouma meno kuna wanaolia kwa sauti, na yeye alikwenda kutafuta kwenye mwili wake ugonjwa ambao wewe ulijua kabisa haupo huko. Sikwambii hivi ili nikusute. Nakwambia kwa sababu majibu yote matatu yanarudi pale pale.

Tuanze na huyo jamaa wa Kahama. Kila korodani ina mrija wake wa kupitisha mbegu, ukipapasa kwenye ngozi juu ya korodani unaushika kabisa, ni mgumu unateleza kama tambi ambayo haijaiva vizuri. Ulipofungwa waliukata huo, mara nyingi wanatoa na kakipande, ncha zikafungwa au zikachomwa. Yaani kuna pengo. Korodani zenyewe hazikuguswa, zimeendelea kutengeneza mbegu kila siku miaka yote hii 11, mbegu zinafika pale mwisho wa njia zinakosa pa kwenda, zinakufa, mwili unazinyonya. Sasa hebu fikiria, unga unaoumeza unapita tumboni, utaendaje kutafuta ncha mbili zilizoachana ndani ya mfuko wa korodani uziunganishe? Hakuna unga huo. Hakuna kidonge, hakuna mizizi, hakuna mafuta ya kupaka, na hospitali haina dawa hiyo vilevile. Hela yako usimpe. Na kitu kingine ambacho wanaume wengi hawakijui, usikubali mtu akuchome sindano za homoni za kiume kwa kisingizio cha kukuongezea mbegu, zile zinafanya kinyume, mwili ukiona homoni inatoka nje unaziambia korodani zipumzike na mbegu zinashuka mpaka zinaweza kuisha kabisa, sasa wewe utaunganishwa mrija upitishe nini?

Hapo hapo nijibu la nguvu za kiume maana najua ndo linalokunyima usingizi. Homoni ya kiume inapita kwenye damu, haipiti kwenye ule mrija. Ndo maana baada ya kufungwa ndevu zilibaki, hamu ilibaki, na majimaji yanatoka kama kawaida, kwa sababu sehemu kubwa ya shahawa inatengenezwa na vifuko vya shahawa na tezi dume huko juu, mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana. Kuunganisha nako hakugusi kitu kinachosimamisha. Kwa hiyo hilo litoe kichwani.

Sasa oparesheni. Ni kweli ipo na ina historia ndefu kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 1902 huko Philadelphia, Marekani, daktari Edward Martin aliunganisha mrija wa mwanaume aliyezibwa njia ya mbegu na kisonono cha zamani, akatumia nyuzi nyembamba za madini ya fedha. Kwa muda mrefu baada ya hapo walikuwa wanashona kwa macho matupu au miwani ya kukuza, wengine wanafanikiwa wengine hapana, mpaka miaka ya 1970 ndo madaktari kama Earl Owen wa Australia na Sherman Silber wa Marekani wakaanza kufanya chini ya hadubini ya upasuaji, na hapo ndo mambo yakabadilika.

Kwa nini hadubini? Ule mrija kwa nje una unene wa kama milimita 2 mpaka 3. Lakini hiyo ni nyama ya ukuta, tundu lenyewe mbegu zinapopita ni karibu theluthi moja ya milimita. Chukua bikipeni uangalie kale kagololi kwenye ncha, tundu lenyewe ni dogo kuliko hako kagololi. Hapo ndo daktari anatakiwa alinganishe tundu na tundu, utando wa ndani ugusane na utando wa ndani, ashone kuzunguka mishono sita mpaka nane bila kuziba, halafu ashone tena ukuta wa nje juu yake, halafu ahamie upande wa pili aanze upya. Masaa matatu, masaa manne mtu hajainuka.

Nakumbuka mara yangu ya kwanza kusimama kwenye oparesheni ya namna hiyo, alikuja daktari mgeni kufundisha. Nikafungua pakiti ya uzi nikadhani wametuuzia pakiti tupu. Nikaigeuza kwenye taa, sioni kitu. Akaniambia sista usitingishe, upo. Uzi wenyewe unaitwa namba kumi sifuri, unene wake haufiki nusu ya unywele, na sindano yake ni kama kope la mtoto mchanga. Ukidondoka kwenye kitambaa cha kijani umepotea, ukipumua karibu unaelea. Akaomba feni izimwe. Akaweka viganja vyote viwili juu ya taulo zilizokunjwa ili mikono isicheze, na tangu hapo kwenye chumba kile watu wazima sita tukawa tunapumua polepole, hakuna anayegusa meza, maana kwenye hadubini mguso mdogo tu wa meza unaonekana kama tetemeko. Mimi nimeshika mkasi nikawa namuangalia mgonjwa amelala kwa nusu kaputi, nikasema moyoni kumbe kurudisha kinachokatwa kwa robo saa ni kazi ya asubuhi mpaka mchana.

Na kuna kitu kimoja kinachoamuliwa pale pale mezani ambacho kwako wewe wa miaka 11 ni muhimu sana. Daktari akishaukata mrija pembeni ya lile kovu la zamani, upande wa korodani, anaminya kidogo atoke majimaji, anaweka tone kwenye kioo, anaangalia. Yakiwa maji maangavu au yana mbegu hata vipande vyake, shwari, anaunganisha mrija kwa mrija. Lakini yakiwa mazito kama dawa ya mswaki na hakuna mbegu hata moja, maana yake kuna kizuizi kingine huko chini zaidi. Nyuma ya korodani kuna kile kimrija kinachoitwa epididimisi, kimejikunja kunja, ukikinyoosha kinafika kama mita sita, na ukuta wake ni laini mno. Presha ya miaka mingi ya mbegu zisizo na pa kutokea inaweza kukipasua mahali, kikaota kovu, kikaziba. Hapo kuunganisha mrija kwa mrija ni kazi bure, inabidi daktari ashuke aunganishe mrija moja kwa moja kwenye epididimisi, na hiyo ndo oparesheni ngumu kuliko zote katika kazi hii, siyo kila anayeweza ile ya kwanza anaiweza na hii. Kwa hiyo ukimpata daktari muulize bila aibu: unatumia hadubini yenyewe au miwani ya kukuza, umefanya wangapi, na ukikuta epididimisi imeziba utaweza kuunganisha hapo hapo au utanifunga unirudishe nyumbani? Daktari mzuri hakasiriki kuulizwa hivyo, anafurahi.

Uwezekano sasa. Kuna takwimu za Marekani zilizotolewa 1991, walifuatilia wanaume 1,469 waliounganishwa kwa hadubini, na hadi leo madaktari wanazirejea. Waliokaa chini ya miaka 3 tangu kufungwa, mbegu zilirudi kwa 97 kati ya 100 na wake zao walioshika mimba ni 76 kati ya 100. Miaka 3 mpaka 8 ikawa 88 na 53. Kundi lako wewe, miaka 9 mpaka 14, mbegu zilirudi kwa 79 kati ya 100, na mimba 44 kati ya 100. Waliopita miaka 15 ni 71 na 30. Unaona zile namba mbili hazilingani, mbegu kurudi ni jambo moja na mimba kushika ni lingine, maana wakati mwingine mbegu zinarudi chache, wakati mwingine mwili wako mwenyewe umeshazoea kuzipiga vita, na wakati mwingine ni umri wa mke. Kwako hapo kwenye mke una bahati, miaka 30, mirija wazi, umri wa mwanamke una uzito kwenye hesabu hii sawa na miaka yako 11. Ila bahati hiyo haikai, kila mwaka unaoupoteza kugeukia ukutani unatoka kwenye mfuko wake yeye.

Na ndo nafika kwenye swali lako la tatu, lile la kuaga unafuata mzigo Dar. Mwanangu hiyo haiwezekani, hata tukiacha kama ni sawa au si sawa, kwa hali ya kawaida tu haiwezekani. Utarudi una mishono miwili kwenye ngozi ya korodani, imevimba, pengine imevia damu ya bluu. Utavaa chupi ya kubana usiku na mchana kwa wiki kadhaa, hubebi dumu la mawese wala huendeshi pikipiki kwenye barabara za huko kwenu. Na tendo la ndoa haliruhusiwi wiki mbili mpaka nne. Mwanamke anayehesabu siku zake za kupata mimba kwa vidole, umlalie mgongo mwezi mzima bila sababu? Atajua una mwanamke Dar, na hapo utakuwa umetibu mrija umeua ndoa.

Afu haijaisha. Baada ya wiki kama sita unatakiwa utoe shahawa zipimwe, halafu kila baada ya miezi miwili mitatu. Mbegu zinaweza kuonekana mapema, zinaweza kuchukua miezi sita, na ikiwa waliunganisha epididimisi unaweza kusubiri hata mwaka. Mwaka mzima huo yeye anaendelea kunywa mizizi? Anaendelea kutukanwa na wifi zake? Na tuseme haikufanikiwa, maana kwa kundi lako 21 kati ya 100 mbegu hazirudi kabisa. Njia inayobaki ni kunyonya mbegu kwa sindano kutoka kwenye korodani au epididimisi, kisha kuingiza mbegu moja moja kwenye yai maabara, ile ambayo waliianzisha Brussels mwaka 1992 na sa hivi inafanyika hata huku kwetu Afrika Mashariki. Hiyo inataka mayai yake. Ni yeye atakayechomwa sindano siku kwa siku mayai yakue, ni yeye atakayelazwa mezani yavunwe. Utamwambia anachomwa kwa ajili ya nini? Kila mlango wa matibabu haya, ukiufungua, unamkuta mke wako amesimama hapo. Hakuna wa uani.

Kwa hiyo cha kwanza kabla ya hadubini ni kumwambia. Siwezi kukuahidi hatakasirika. Atakasirika, ana haki, anaweza akaondoka akaenda kwao wiki au mwezi, na itabidi uvumilie bila kumtuma mshenga wa kumshinikiza. Usimwambie usiku mkiwa mmelala gizani, wala usimwambie kwenye simu ukiwa Kahama. Mwambie mchana watoto wakiwa shule, mmekaa. Anza na mwenzio aliyetangulia, yale aliyopitia, damu, daktari aliyekuita pembeni, mwambie uliogopa kumpoteza ukaenda ukafungwa. Halafu mwambie kwamba uliogopa tena, safari hii kumpoteza yeye, na ukanyamaza, na kunyamaza kwako ndo kumemuumiza. Usiweke "lakini" baada ya hapo. Usimwambie "lakini nimeshapata suluhisho", usitoe simu kumuonyesha video za oparesheni. Muache aulize yeye. Anaweza kuuliza maswali ya siku tatu.

Cha pili, na hiki usikisubirishe, ni mama yako na dada zako. Wao walimsema hadharani, basi wewe wasafishie jina lake hadharani. Siyo lazima ueleze kila kitu cha mwili wako kama hutaki, inatosha useme mbele yao kwamba mkwe wenu amepimwa ni mzima, mwenye tatizo ni mimi, na sitaki kusikia neno hili tena ndani ya nyumba hii. Ukiona hiyo sentensi ni nzito kuitamka, kumbuka yeye amebeba uzito wake tangu mlipooana na wala haukuwa wake.

Baada ya hapo, akikubali kutembea na wewe, nendeni pamoja. Anza na kitu rahisi, kipimo cha shahawa hapo hospitali ya mkoa. Mara chache sana mrija hujiunga wenyewe, nataka uhakikishe kweli hakuna mbegu kabla hujatumia hela. Kuna na kipimo cha damu cha homoni kinachoonyesha korodani bado zinafanya kazi, na daktari atazipapasa ukubwa wake. Kwa vile ulishazaa wanne huhitaji kukatwa kinyama cha korodani kwenda kupimwa, mtu akikulazimisha hicho muulize kwa nini. Kisha omba rufaa kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, kwenu Mwanza ndo jirani kuna Bugando, kuna KCMC Moshi, kuna Muhimbili, huko ndo wanapopatikana mabingwa hawa, uwaulize nani kati yao anafanya hii ya hadubini na kama hafanyi anakutuma kwa nani. Usiende kwa mtu anayejitangaza kwa picha za kabla na baada. Uliza bei yote kwa pamoja, ya chumba, ya nusu kaputi, ya daktari, na uliza bima yako inasemaje kabla hujauza chochote, maana nimeona watu wanauza shamba kwa bei ya nusu halafu wanakuta hela haitoshi. Na muulize daktari kama siku ya oparesheni wakikuta mbegu nzuri wanaweza kuzigandisha zikahifadhiwa, kama kituo kina uwezo huo inakuokoa usikatwe tena ikishindikana.

Kitu kimoja cha kujadili nyie wawili kabla ya yote, na hapa sikuchagulii. Kuna watu wa hali yako wanaoruka kuunganisha wanaenda moja kwa moja kwenye kupandikiza, yaani ile ya kuingiza mbegu kwenye yai maabara, hasa mke akiwa ameshavuka 38 au ana shida zake. Kwenu mimi ningeegemea kuunganisha, mke bado kijana, ni mzima, na ikifanikiwa mtazaa nyumbani kwenu kitandani kwenu, zaidi ya mmoja mkitaka, bila kulipia kila jaribio mamilioni. Lakini mwili ni wa wote wawili na yeye ana kura yake, na anaweza akasema pia kwamba kwa sasa hataki lolote kati ya hayo mpaka moyo utulie. Msikilize.

Najua ujasiri wa kusema hautakuja leo, labda ukuchukue siku mbili tatu. Ila ile chupa iliyo uvunguni isisubiri huo ujasiri. Mizizi usiyoijua, kila siku, mtu anaweza kuharibu figo na ini kwa ugonjwa ambao hana. Kesho asubuhi kabla hajafungua kifuniko, mshike mkono, mwambie hii dawa usiinywe tena, kuna kitu nataka kukwambia, nipe mpaka Jumamosi watoto wakienda kwa bibi yao. Ukishasema hivyo hutaweza kurudi nyuma, na ndo ninachotaka. Jumamosi usiku niandikie.